Domeni ya "zawadi" kutoka kwa hosti: umeshaangalia imesajiliwa kwa jina la nani?

Wakuu, leo nimefura, mnivumilie.

Nilinunua kifurushi cha kuhosti tovuti, domeni (jina la tovuti) ya .com wakaitupia humo kama "zawadi" ya mwaka wa kwanza. Siku hizi seva yao leo ipo kesho haipo, wateja wananiuliza kama nimefunga biashara. Nikaamua kuhama. Faili nimepakua, hifadhidata nimepakua, kilichobaki ni msimbo wa kuhamishia domeni. Nikafungua tiketi ya msaada kuuomba. Jibu: "Ndugu mteja, domeni hii ni mali ya kampuni." Tiketi ikafungwa hapo hapo.

Mali ya kampuni! Nikaenda kuchungulia WHOIS, rejista ya wazi inayoonyesha domeni imesajiliwa kwa jina la nani. Mmiliki: wao. Baruapepe: yao. Simu: yao. Mimi sipo hata kwenye kipengele cha fundi. Na kwenye fomu yao nilijaza kila kitu, mpaka anwani ya posta. Zile taarifa walizipeleka wapi? Ndipo nikaelewa kwa nini sikuwahi kuona ule ujumbe wa kuthibitisha baruapepe, ambao usipoubonyeza ndani ya siku 15 domeni inasimamishwa. Walijitumia na kujithibitishia wenyewe.

Kwa mliokuwa mbioni kufungua tovuti ya kwanza, shikeni hili: domeni na hosti ni vitu viwili tofauti. Domeni ni jina, linakaa kwa msajili (kampuni inayosajili majina), unalilipia kwa mwaka, na .com unaweza kulilipia mpaka miaka 10 mbele. Hosti ni seva ya kuweka faili zako. Kinachoviunganisha ni mistari miwili mitatu ya nemseva, yaani seva zinazoelekeza jina liende wapi. Ukiibadilisha, jina linaelekea seva mpya, na kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili kila mtu anaiona tovuti ilipohamia. Maana yake hosti mbovu unaitupa hata kesho, ilimradi jina liko mkononi mwako. Wao wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana wanavifunga pamoja. Ni sawa na mwenye nyumba kukuvua jina lako kwa sababu umehama kwake.

 

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sheria ipo. Kwa domeni kama .com na .org, ICANN (shirika linalosimamia majina ya mtandao duniani) inamtaka msajili akupe msimbo ndani ya siku 5 tangu uombe, na haruhusiwi kuuzuia eti kwa sababu mnagombania malipo. Domeni za nchi zina kanuni zake. Sasa haki hiyo ni ya nani? Ya yule aliyeandikwa kama mmiliki. Yaani sheria inamlinda aliyenipora! Hata vikumbusho vya kulipia upya, ambavyo hutumwa kama mwezi mmoja na tena kama wiki moja kabla ya muda kuisha, vinaingia kwao. Wakiamua kunyamaza, jina linakufa na mimi sina habari.

Hawa wenyewe si wasajili, ni madalali tu. WHOIS inaonyesha msajili aliye juu yao, na nimeshamwandikia, nikaambatisha risiti pamoja na ankara inayotaja domeni kwa jina langu. Kuna aliyewahi kukomboa domeni kwa njia hii? Walikudai vielelezo gani vingine, na walichukua muda gani kujibu?

Na asije mtu hapa na "ungesoma masharti". Nimeyasoma yote, hakuna palipoandikwa kwamba domeni itakuwa yao.