Keria ya juu ya gari na redio ya setilaiti: kwenda inakata, kurudi haikati

Mtu_wa_Baridi
Wakuu habari za huko mliko. Niko Minnesota, naendesha Toyota 4Runner, na juzijuzi nilifunga keria ile bapa ndefu ya alumini, ile ya pau pau za kukingama kutoka kwenye kioo cha mbele mpaka nyuma kabisa, nia ilikuwa hema na vitu vya kambi lakini mpaka sasa imebeba zaidi magodoro ya jamaa wanaohama apatimenti (ukishafunga keria kila mtu anakumbuka kwamba mna undugu).

Sasa shida yangu. Tangu ile keria ikae juu, SiriusXM, yaani redio yangu ya setilaiti ya kulipia, inakatakata. Nikiwa mjini Minneapolis inashika vizuri kabisa wala huwezi kujua kuna tatizo, lakini nikishika barabara kuu ya I-35 kwenda Des Moines kwa dada yangu, nikishapita Lakeville pale majengo yanapoisha inaanza, inaandika hakuna signali, kimya, inarudi maneno mawili, kimya tena, na mimi hapo nasikiliza mpira, dakika ya themanini na ngapi sijui, unaweza kulia. Kinachonichanganya ni hiki: wakati wa KURUDI haikati, au ikikata ni mara moja moja. Barabara ni ile ile, mashamba ya mahindi pande zote, hakuna mlima hakuna msitu.

Antena ni ile ya pezi la papa, nyuma ya paa. Upau wa mwisho wa keria uko mbele ya pezi kama inchi tatu, na uko juu yake kama inchi mbili. Fundi aliyefunga anasema keria haihusiani, nibadilishe redio. Kubadilisha redio ni hela nyingi na keria sitaki kuitoa. Kuna aliyepatwa na hii kitu?

kipara_og
hujalipa wewe 😂 lipa bili

Mtu_wa_Baridi
@kipara_og ningekuwa sijalipa mjini ingelia?

Otis_wa_Trela
Boss karibu kwa club. Mimi naendesha trela huku, kila dereva anajua hii story, kitu yoyote ya chuma ikikaa kati ya antena na upande wa kusini, redio inaenda. Sisi tunaweka antena kwa mkono wa side mirror, na bado kuna pahali ukikunja kona inapotea kwa sababu kabini ya lori inaziba. Kabla uguse kitu soma vizuri hiyo redio inaandika nini. Kama inasema uangalie antena, hiyo ni waya imekatika ama plagi imelegea, pengine fundi aliivuta akifunga. Kama inasema tu hakuna signali, basi waya iko sawa, ni mbingu haioni.

Mtu_wa_Baridi
@Otis_wa_Trela inasema hakuna signali tu. Haijawahi kutaja antena.

FundiMawimbi
Mkuu, huyo fundi wako amekosea na ushahidi umeuleta mwenyewe kwenye kichwa cha habari, ila ngoja nieleze maana watu wengi wanadhani setilaiti ziko juu ya utosi popote ulipo, siyo hivyo.

Setilaiti za XM (ndizo za hiyo SiriusXM yako) zimekaa juu ya ikweta, moja longitudo ya nyuzi 85 magharibi na nyingine 115 magharibi, haziondoki hapo. Wewe uko latitudo 45 kaskazini. Kwa hiyo ukisimama Minneapolis ukataka kuziona itabidi ugeuke kusini na uinue macho nyuzi kama 34 mpaka 37 tu kutoka upeo wa macho. Hazijafika hata nusu ya njia kwenda utosini. Ukienda Des Moines pua ya gari inatazama kusini, keria iko mbele ya pezi, maana yake pezi linazitafuta setilaiti kupitia keria. Ukirudi, kusini iko nyuma ya gari, na nyuma ya pezi kuna nini? Hakuna kitu. Ndiyo maana inashika.

Sasa chukua vipimo vyako, inchi tatu mbele na inchi mbili juu. Chora hiyo pembetatu kwenye karatasi upime pembe, utapata nyuzi 34 hivi. Yaani katika sehemu zote ambazo ule upau ungeweza kukaa, umekaa pale pale setilaiti zilipo. Ukitaka kumtegea mtu redio ishindwe ungeufunga hapo hapo.

Na mjini kwa nini inalia? Kwa sababu mjini hausikilizi setilaiti peke yake, wamefunga mitambo ya kurudia matangazo kwenye minara na juu ya maghorofa ili magorofa yasizibe watu, na hayo mawimbi yanakujia kutoka ubavuni, chini chini, keria haiyazuii. Ukitoka mjini mitambo hiyo inaisha, unabaki na mbingu. Kwa hiyo shida ilikuwepo tangu siku ya kwanza, mji ulikuwa unaificha.

Halafu kuna swali utaulizwa na huyo fundi, mbona FM haikati. FM wimbi lake lina urefu wa kama mita 3, upau mwembamba wa alumini halijali. SiriusXM iko megahezi 2320 mpaka 2345, wimbi lake ni sentimita 13 tu, upau wa ukubwa huo ukikaa karibu na antena unalivuruga, unaziba kidogo, unarudisha kidogo, na signali yenyewe ikifika chini huwa ni dhaifu sana.

Mtu atasema mbona nikipita chini ya daraja haikati. Kwa sababu wamelifikiria daraja, setilaiti moja inatuma kipindi sasa hivi na nyingine inatuma kile kile kikiwa kimechelewa sekunde kama 4, redio inaunganisha, kwa hiyo kizuizi cha sekunde mbili tatu husikii. Lakini daraja unalipita. Keria unatembea nayo.

Jipime hivi: nenda parking kubwa iliyo wazi NJE ya mji, mbali na maghorofa. Tafuta kwenye menyu ya redio ukurasa wa nguvu za signali, redio nyingi zinao, zinaonyesha setilaiti na mitambo ya ardhini kila kimoja na vistari vyake. Zungusha gari taratibu duara zima. Kama vistari vya setilaiti vinashuka pua ikielekea kusini na kupanda ikielekea kaskazini, kesi imeisha.

Swaleh_H-Town
Samahani FundiMawimbi nakupinga kidogo. Mimi niko Houston, nina keria ya namna hiyo hiyo, pezi hilo hilo, upau wa mwisho uko karibu vile vile na naenda Galveston kila wikendi, hiyo ni kusini. Haijakata hata siku moja. Nadhani redio yake mbovu.

FundiMawimbi
@Swaleh_H-Town kaka hujanipinga, umenisaidia. Wewe uko latitudo 30, karibu zaidi na ikweta. Kwako setilaiti ziko nyuzi kama 50 juu, kwake 35. Mstari unaotoka kwenye pezi lako kwenda setilaiti unapita juu ya ule upau, wa kwake unaugonga. Ni kama kivuli cha jioni na kivuli cha saa tano asubuhi, nguzo ni moja lakini kimoja ni kirefu. Njoo na gari lako Minnesota uone.

Swaleh_H-Town
Kwenye hiyo baridi siji 😅 nimeelewa lakini

dada_Rehema
Naomba kuuliza, sisi hatuna keria ya pau, tuna lile boksi la plastiki la kufungia mizigo juu. Mume wangu anasema plastiki haizuii mawimbi, lakini tukisafiri redio inakata na tukirudi nyumbani boksi tupu inashika.

Otis_wa_Trela
@dada_Rehema mzee yuko right, plastiki yenyewe haina noma. Angalieni munaweka nini ndani. Jiko ya gesi, viti za kukunja, cooler, hizo zote ni chuma ama ziko na maji na barafu, na maji yanakula hayo mawimbi. Pangeni nguo na mablanketi upande wa antena, vyuma mbele. Na winter theluji ikikaa juu ya pezi ifuteni, ile kavu nyepesi haisumbui sana lakini ile ya majimaji inaziba kabisa, nimeona hiyo Wyoming nikadhani redio imekufa.

dada_Rehema
Asante kaka. Jiko la gesi lipo nyuma kabisa, kweli. Nitamwambia, ingawa sasa atajisikia kwamba alishinda.

Mtu_wa_Baridi
Wakuu nimerudi. Nimefanya kama alivyosema FundiMawimbi, jana jioni, parking ya wazi huko nje kabisa, keria tupu. Pua kaskazini vistari vya setilaiti karibu vyote vimejaa, vya ardhini hakuna. Pua mashariki vimepungua kidogo. Pua kusini, kimoja, kinawaka kinazima. Nimezunguka mpaka kuna mlinzi akaja kuniuliza kama nimepoteza kitu.

Sasa nifanyeje. Nimeona zile antena ndogo za sumaku zinauzwa bei rahisi, nafikiria niipachike mbele, pale juu ya kioo, mbele ya keria yote.

FundiMawimbi
Usiiweke mbele. Ukiiweka mbele ya keria, ukienda kusini itashika vizuri sana, ukirudi kaskazini keria yote pamoja na mizigo itakuwa kati yake na kusini. Utakuwa umegeuza tu tatizo, sasa utakosa kipindi cha pili badala ya cha kwanza. Hata ukiiweka kwenye boneti, ukielekea kaskazini kabini inakusimamia nyuma, kwa latitudo yako ni bahati nasibu.

Kabla hujanunua chochote fungua ule upau wa mwisho. Upau mmoja tu. Unaofuata uko mbali kiasi gani?

Mtu_wa_Baridi
Kama inchi 10 au 11 kutoka kwenye pezi. Una bolti nne, naweza kuufungua nyumbani.

FundiMawimbi
Basi ufungue. Inchi mbili juu kwa inchi 10 mbele ni nyuzi 11 hivi, setilaiti ziko 35, inapita juu bila kugusa. Keria itapoteza sehemu ndogo sana ya kubebea.

Ila mzigo nao una kivuli. Hema likiwa na kimo cha inchi 12 juu ya keria, maana yake inchi 14 juu ya usawa wa pezi, inabidi likae mbele ya pezi inchi 20 au zaidi. Magodoro yakisimama ubavu ndiyo usahau, hayo yenyewe mawimbi yanapita ila yana springi za chuma ndani.

Ikiwa kila safari unajaza keria mpaka mwisho, hapo ndipo ununue ile ya sumaku, lakini ipandishe juu ya keria yenyewe: funga kibati cha chuma kwenye kona ya nyuma, sumaku ikae juu yake. Kibati ni lazima, kwanza sumaku haishiki alumini, pili antena hizo zimetengenezwa zikae juu ya bati, ukiibandika kwenye plastiki nguvu inapungua. Waya upitishe kwenye mpira wa mlango wa nyuma, uache ulegee kidogo chini kabla haujaingia ili maji yadondoke nje yasifuate waya mpaka ndani.

Otis_wa_Trela
Na kama umefunga laiti baa, ile taa ndefu ya LED, kwa hiyo keria, jaribu ukiwa umeizima na ukiwa umeiwasha. Zile za bei ya chini zinapiga kelele kwa redio, hasa FM, unaeza laumu keria bure.

Mtu_wa_Baridi
Laiti baa sina. Upau nimeutoa. Nimerudi parking ile ile (mlinzi safari hii amenipungia mkono tu), pua kusini vistari vinapungua kimoja tu kuliko kaskazini. Jumamosi naenda Des Moines na hema nimelisogeza mbele.

Babu_Mawimbi_Mafupi
Vijana mnanikumbusha mbali. Nyumbani tuliwahi kuwa na redio ya setilaiti kabla ya hao XM kuanza. WorldSpace, ya yule Noah Samara, setilaiti yao AfriStar ilirushwa 1998 ikakaa nyuzi 21 mashariki. Kiredio chenyewe kilikuja na antena yake ambayo ilibidi uielekeze kwa mkono, ukiwa Nairobi unaipandisha juu sana halafu unailaza kidogo magharibi, na mtoto akifungua pazia akaisogeza kipindi kimekwisha. Ilikuwa na BBC safi hata huko ambako FM haikufika. 2008 kampuni ikafilisika na viredio vikabaki mapambo kabatini. Changu kipo.

kipara_og
babu swali, mimi natuma gari langu nyumbani mwakani, hii SiriusXM nikilipia nikiwa Nairobi itashika?

Babu_Mawimbi_Mafupi
Haitashika mwanangu. Setilaiti hizo ziko upande wa pili wa dunia, kutoka Nairobi ziko chini ya upeo wa macho, hata ungefunga antena juu ya ghorofa la KICC. Utasikiliza kwa apu ya simu kama akaunti yako itakubali huko.

Otis_wa_Trela
@kipara_og hata FM itakusumbua. Redio za magari ya Marekani zinaruka desimali za witiri tu, 98.3 halafu 98.5. Capital FM ya Nairobi iko 98.4, utaipata ikikwaruza. Ingia kwa settings uangalie kama kuna pahali ya kubadilisha eneo, zingine zinaruhusu zingine hapana, fanya hiyo ukiwa bado huku.