Sigara melini kati ya Tanga na Pemba: nani mwenye kauli?

BintiRaskazone ameuliza:

Assalaam alaykum, na kwa wengine habari za leo. Naomba mawazo ya wenye uzoefu wa safari za baharini kuhusu jambo lililotokea hivi karibuni katika meli ya abiria iliyokuwa ikitoka Tanga kwenda Pemba, ambalo nadhani wengi humu wamewahi kulishuhudia kwa sura moja au nyingine.

Tulikuwa tumekaa kwenye mabenchi ya sitaha ya nyuma, sehemu yenye paa lakini isiyo na kuta, kwa sababu ndani kulikuwa na joto na baadhi ya abiria walikuwa wameshaanza kutapika. Bwana mmoja wa makamo akawasha sigara. Mama aliyekaa jirani yake, mwenye mtoto anayeugua pumu, akamwomba kwa upole asogee kidogo. Bwana yule akajibu kwamba hapo ni nje, na kwamba anayetaka hewa safi aingie ndani. Haukupita muda sitaha nzima ikawa imegawanyika, wengine wakimtetea mama, wengine wakisema mtu hawezi kunyimwa sigara kwa saa zote za safari. Baharia aliyeitwa aje kuamua alisema, "Malizaneni wenyewe, hili ni jambo dogo," kisha akateremka zake.

Kilichonishangaza zaidi ni nguzo iliyokuwa mbele yetu. Juu yake palikuwa na bango lenye picha ya sigara iliyokatwa kwa mstari mwekundu, na chini ya bango, kwenye nguzo hiyo hiyo, palikuwa na kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa waya, limejazwa mchanga, na mchangani vimesimama vipisi vingi vya sigara. Bango linakataza na kopo linakaribisha, kwa hiyo kila upande ulikuwa ukiinyooshea kidole nguzo ile kama ushahidi wake.

Nauliza mambo mawili. Kwanza, meli kubwa za kitalii, hizi zinazotia nanga Unguja na Mombasa zikiwa na maelfu ya watu, huumalizaje ugomvi wa namna hii? Pili, kwetu sisi, nani hasa mwenye kauli ya mwisho: abiria, baharia au nahodha?

---

MtuWaMeli amejibu:

Dada, wa alaykum salaam. Nilikuwa mhudumu wa kabini katika meli za kitalii kabla ya kurudi nyumbani Tanga, na nakuhakikishia kwamba ugomvi huo upo hata huko, tena kati ya watu waliolipa maelfu ya dola. Kilicho tofauti ni kwamba abiria huyu hatakiwi kabisa kumwambia abiria yule kitu. Akisumbuliwa na moshi hupiga simu mapokezi, mapokezi hutuma mtu wa ulinzi, na anayekutwa na kosa huandikiwa faini katika hesabu ya kabini yake. Kwa mfano, kampuni ya meli za kitalii ya Carnival hutoza dola 500 kwa anayevuta ndani ya kabini au kwenye roshani yake. Akizidi kukaidi, anaweza kuteremshwa bandari inayofuata na kujigharamia safari ya kurudi kwao. Sharti hilo limo katika mkataba wa tiketi, ingawa sikumbuki kumwona abiria anayeusoma.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani watu walivuta karibu kila mahali, hata ukumbi wa chakula. Mwaka 1998 kampuni hiyo hiyo ya Carnival iliingiza baharini meli iitwayo Paradise, ambayo haikuruhusu sigara mahali popote, na katazo hilo liliwabana hata mabaharia. Aliyekamatwa alitozwa dola 250 na kuteremshwa. Utaratibu huo ulidumu miaka michache tu, ukaachwa mwaka 2004, na kampuni nyingi ziliendelea kutafuta njia ya kati.

Kilichobadili fikra ni moto. Usiku wa tarehe 23 Machi 2006, meli Star Princess ikiwa njiani kuelekea Jamaika, moto ulizuka kwenye roshani ya kabini moja, na wachunguzi wa Uingereza walisema chanzo chake kinachoelekea zaidi ni kipisi cha sigara kilichotupwa bila kuzimwa. Vigawanyo kati ya roshani na roshani vilikuwa vya plastiki, na upepo wa bahari uliusukuma moto kutoka sitaha moja hadi nyingine ndani ya dakika chache. Abiria mmoja alifariki kwa kuvuta moshi. Baada ya hapo mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini ulirekebishwa, na kuanzia Julai 2008 roshani za meli za abiria zikawekewa masharti ya vifaa visivyoshika moto kwa urahisi na ya mitambo ya kugundua na kuzima moto. Kampuni ya Princess, yenye meli hiyo, ilikataza sigara kwenye roshani mwaka 2012, kampuni ya Royal Caribbean ikafuata mwaka 2014.

Hapo ndipo malalamiko yalipopamba moto, kwa maana wapo waliokuwa wakilipia kabini yenye roshani kwa ajili ya sigara yao tu, na wapo majirani zao waliokuwa wakifunga mlango wa roshani safari nzima kwa sababu ya moshi wa mwenzao. Siku hizi kampuni nyingi hutenga upande mmoja wa sitaha ya wazi, na baadhi huruhusu pia sehemu ya kasino. Hili la kasino ndilo linalogombaniwa zaidi sasa, kwa sababu katika meli kadhaa huwezi kufika ukumbi wa maonyesho bila kupita katikati yake. Sigara za kielektroniki nazo kwa kawaida huhesabiwa sawa na sigara nyingine, ingawa kila msimu hukosi abiria wa kubisha kwamba ule ni mvuke, si moshi.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili, kwa nilivyolelewa kazini, ni kwamba yule baharia wenu ndiye aliyeuanzisha ugomvi upya alipowaambia mmalizane.

---

MchungwaWaMuheza amejibu:

Mimi ni mvutaji, na mara kwa mara huvuka na machungwa kwenda Pemba, kwa hiyo niruhusuni niseme upande wa washtakiwa. Bwana yule alikosa adabu. Ukiombwa na mama mwenye mtoto mgonjwa, unasogea kwanza, haki yako utaijadili baadaye. Hata hivyo, naomba tusikimbilie kusema kopo liondolewe na sigara ikatazwe kabisa, kwa sababu najua kitakachofuata: watu watavutia chooni. Nimeshakuta choo cha meli kimejaa moshi, na kwenye kapu la karatasi kipisi bado kinafuka, mlango umefungwa na hakuna anayeona. Kwa hayo aliyoyaeleza MtuWaMeli kuhusu moto, semeni wenyewe ipi ni hatari zaidi, kopo la mchanga mbele ya macho ya watu au kapu la karatasi nyuma ya mlango.

Ninachodai ni mahali panapojulikana. Nikionyeshwa kwamba ni pale, hata kama ni kona isiyo na benchi wala kivuli, nitakwenda na sitagombana na mtu. Ninapoachiwa nikisie, nitakisia kwa faida yangu, na jirani yangu naye atakisia kwa faida yake.

---

MuuguziChumbageni amejibu:

Kaka wa Muheza, hoja ya choo naikubali, ila neno "nje" limetumika vibaya katika mkasa huu. Sitaha yenye paa, iliyojaa watu waliobanana bega kwa bega, haimpunguzii mtoto wa pumu chochote cha maana akiwa hatua moja kutoka kwenye sigara. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha moshi wa tumbaku wa mtu mwingine kilicho salama, na kwa mwenye pumu moshi huo unaweza kuchochea kubanwa kwa kifua papo hapo, tena katikati ya bahari ambako hakuna hospitali.

Kisheria, Tanzania Bara ina Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003, inayokataza kuvuta katika maeneo ya umma isipokuwa pale palipotengwa. Mwaka 2007 nchi yetu iliridhia pia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Udhibiti wa Tumbaku, ambao katika ibara yake ya 8 unataja usafiri wa umma waziwazi. Afya si jambo la Muungano, na chombo kinaweza kuwa kimesajiliwa Zanzibar, kwa hiyo mwenye meli asitegemee sheria ya upande mmoja tu. Aandike kanuni yake inayotosheleza pande zote mbili, aibandike, na aisome kwenye spika kabla meli haijaondoka, kama anavyotangaza majaketi ya kuokolea.

---

NahodhaMstaafu_Bagamoyo amejibu:

Wanangu, mmezungumza vizuri, lakini mmemsahau mwenye bahari, naye ni upepo. Mnaitaja sitaha ya nyuma kana kwamba moshi ukifika huko umekwisha. Chombo kinapokwenda mbele hukata hewa, na nyuma ya vyumba vya abiria hewa hiyo hujizungusha na kurudi ndani. Ndiyo maana mara nyingine hata moshi wa injini huusikia puani ukiwa umekaa nyuma, ilhali dohani iko juu kabisa. Kopo lile limefungwa mahali pabaya hata kama bango lisingekuwapo.

Kutoka Tanga kwenda Pemba unaelekea mashariki. Wakati wa kusi, mkono wa kulia ndio joshi, yaani unakotoka upepo, na mkono wa kushoto ndio demani, yaani unakokwenda. Mvutaji akisimama ukingoni upande wa demani, moshi wake unakwenda baharini na haumgusi mtu. Akisimama joshi, anawavutisha wote walio kati yake na upande wa pili. Ukija msimu wa kaskazi mambo hugeuka, na katika safari ya kurudi Tanga hugeuka tena, kwa hiyo upande uliokuwa salama wakati wa kwenda si salama wakati wa kurudi. Hizo meli kubwa zinazotenga upande mmoja mwaka mzima nazo, kwa maoni yangu, zimerahisisha mno, ila zina nafasi kubwa ya kuficha kosa hilo. Chombo chetu hakina nafasi hiyo.

Ipo pia hali ambayo hakuna upande unaofaa. Ukitoka Pemba kushuka Unguja wakati wa kaskazi, upepo unakuja nyuma yako, na kasi yake ikikaribiana na kasi ya meli, hewa ya sitahani husimama. Moshi wa sigara moja unaweza kuelea juu ya vichwa vya watu muda mrefu. Hapo baharia aseme tu kwamba leo havuti mtu mpaka gatini, na jambo liishe. Hii ndiyo sababu nasema kauli ni ya nahodha, na kwa niaba yake baharia wa zamu: abiria hajui upepo utageuka lini.

Tena tazameni mizigo. Sitaha zetu hubeba magodoro, magunia matupu na vikapu vya ukili, na kipisi kilichorushwa kutoka juu kinaweza kupeperushwa kikaangukia sitaha ya chini, kama kile cha Star Princess kinavyodhaniwa kuwasha roshani. Ama kwa vyombo vidogo vya mashine za petroli, ambavyo huku Bagamoyo na Pangani tunavyo tele, sigara haina mjadala. Mafuta ya meli kubwa kwa kanuni hayatoi mvuke wa kuwaka mpaka yapite nyuzi 60, lakini petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya chini ya sifuri, na kwa kuwa mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa na kulala ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, msikouona.

---

MchungwaWaMuheza amejibu:

Shikamoo nahodha. Hili la joshi na demani nimelikubali, lakini abiria wa kawaida atajuaje bila kuambiwa? Wengi wetu tunatoka bara, tunajua upepo wa kukaushia mahindi tu.

---

NahodhaMstaafu_Bagamoyo amejibu:

Marahaba. Ndiyo maana kopo lisifungwe kwa waya. Liwe na mpini, baharia wa zamu alihamishie upande unaofaa kabla ya kuondoka gatini, na tangazo liseme: "Anayevuta avute penye kopo, na kopo lisipowekwa, leo havuti mtu." Akiliondoa, hana haja ya kueleza sana.

---

BintiRaskazone amejibu:

Nawashukuru wote, na shikamoo nahodha. Nimeamua kuiandikia ofisi ya meli ile barua yenye maombi matatu: bango na kopo vikae pamoja kwa maana moja, kanuni isomwe kwenye spika kabla ya safari, na baharia wa zamu apewe amri ya kuamua badala ya kuwarudishia abiria ugomvi. La faini sitaliweka, kwa sababu sioni nani ataikusanya kwa haki kwenye sitaha yenye msongamano ule. Je, nakala niipeleke Tanga tu, au na Pemba?

---

MtuWaMeli amejibu:

Peleka kote kuwili, dada. Kama chombo kimesajiliwa Zanzibar, nakala moja ifike Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, na kwa upande wa Bara ifike Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC. Taja tarehe ya safari, saa ya kuondoka na mahali ile nguzo ilipo, na ukiwa na picha ya bango na kopo iambatishe. Yule baharia usimtaje kwa jina hata kama unalijua. Hakuna aliyemwambia afanye nini, na barua ikimwangukia yeye, wenye meli watambadilisha yeye na kuiacha nguzo kama ilivyo.