Andor imekwisha: mgeni wa Star Wars aanzie wapi sasa? Ulinganisho wa mipangilio minne

RubaniMkongwe (mwenye uzi)

Wakuu, uzi huu una siri za hadithi. Ambaye hajamaliza msimu wa pili wa Andor, ile tamthilia ya mfululizo ya Star Wars, apite kushoto kwanza, atarudi baadaye.

Msimu huo ulitoka Aprili 22 hadi Mei 13, 2025, episodi tatu kila wiki kwa wiki nne, na umelivuruga lile swali letu la siku zote. Zamani ubishi ulikuwa mgeni aanze na filamu ya 1977 au aanze na sehemu ya 1. Sasa kuna mlango mwingine, kwa sababu Andor inaishia pale pale Rogue One, filamu ya 2016, inapoanzia kazi, na Rogue One inaishia dakika chache kabla ya filamu ya 1977. Naiweka mipangilio yote mezani:

A. Kwa mwaka wa kutoka: 1977, 1980, 1983, halafu 1999, 2002, 2005. Zile tatu za mwanzo peke yake ni kama saa sita na robo.

B. Kwa namba za sehemu: 1, 2, 3 (ndizo za 1999, 2002, 2005), kisha 4, 5, 6 (ndizo za 1977, 1980, 1983).

C. Machete, aliyoipendekeza Rod Hilton mwaka 2011: 4, 5, 2, 3, 6. Sehemu ya 1 inaachwa kabisa. Andaa kama saa 11.

D. Andor yote (episodi 24, nyingi zina dakika 40 hadi 60), Rogue One (dakika 133), kisha 4, 5, 6.

Filamu za 2015, 2017 na 2019 zinakaa mwisho kwa mpangilio wowote ule, sioni haja ya kuzijadili.

Mimi niko upande wa D, ila kwa mtu mzima anayependa siasa, upelelezi na hadithi zisizoharakishwa. Msimu wa pili umejengwa kwa mafungu manne ya episodi tatu tatu, na kila fungu ni mwaka mmoja: miaka 4, 3, 2 na 1 kabla ya vita vya Yavin, vile vinavyofunga filamu ya 1977. Kwa hiyo kila fungu lichukulie kama filamu moja ndefu. Ukikata baada ya episodi mbili unabaki njiani, maana jambo lililopandwa kwenye ya kwanza huvunwa kwenye ya tatu. Ukimeza sita kwa mkupuo, ule mruko wa mwaka mzima unakupita, na ghafla unajiuliza Bix, mpenzi wa mhusika mkuu Cassian Andor, amefikaje Coruscant, sayari ya makao makuu ya Himaya.

Fungu la kwanza ndilo dhaifu. Cassian anaiba chombo cha majaribio cha Himaya, kisha anakwama porini na waasi wanaogombana wenyewe kwa wenyewe, na mzaha ule unarefushwa kuliko unavyostahili. Kinachookoa fungu ni harusi ya binti wa Mon Mothma, seneta anayewafadhili waasi kwa siri, kule Chandrila: mama anacheza kama aliyepagawa, huku anajua rafiki yake wa utotoni anakwenda kuuawa kwa ajili ya siri zake. Fungu la tatu, lenye mauaji ya Ghorman na hotuba ya Mon Mothma katika Seneti, sijaona linaloshindana nalo katika sakata hili tangu 1980. Na sababu ya mauaji yale haikuachwa hewani: Himaya inataka madini ya kalkite yaliyo chini ya ardhi ya Ghorman, ya kupaka lenzi za mtambo wa Death Star, silaha yake ya kulipua sayari, na kuyachimba kunaweza kuiangamiza sayari yenyewe. Uasi unachochewa makusudi ili pawepo kisingizio.

BintiKimondo

Mkuu, kwa sifa za Andor tuko pamoja. Kwa mlango wa D hapana.

Andor inamzoesha mgeni chakula ambacho filamu ya 1977 haikipiki. Katika episodi 24 hakuna Jedi, wale wapiganaji wa upanga wa mwanga, hakuna upanga wenyewe, na Vader, yule adui mkuu mwenye kofia nyeusi, haonekani hata mara moja. Ile Nguvu, uwezo wa ajabu wa Jedi, inaguswa kidogo tu, kwa yule mama mponyaji wa Yavin katika fungu la tatu. Sasa mtoe mtu hapo, mpitishe Rogue One, umpeleke kwenye filamu ambayo mwanzo wake wote ni droidi wawili wanabishana jangwani, kisha anaingia Luke, kijana wa shambani anayelalamika kukatazwa kwenda kununua vifaa. Filamu ni ile ile nzuri ya siku zote, ila mtazamaji atadhani kabadilishiwa chaneli.

Kuna tatizo jingine la kiufundi. Mwisho wa Rogue One Vader anawafyeka askari kwenye korido nyembamba, mwendo wa kasi, panga inawaka gizani. Saa moja na nusu hivi baadaye, kwa saa ya mtazamaji, Vader huyo huyo anapambana na Obi-Wan, Jedi mzee, kwa kugusagusa panga kama wazee wawili wanaopimana. Wa 1977 hawakuwa na deni lolote kwa korido ile. Mgeni wa D atawadai.

Na hili linachekesha: Vader anaiona meli ya Leia, binti mfalme aliye upande wa waasi, ikichomoka vitani mbele ya macho yake, kisha filamu inayofuata Leia anamwambia usoni kwamba yuko kwenye safari ya kidiplomasia. Kwa aliyeanza na 1977 huo ni ujanja. Kwa wa D ni kichekesho.

Pendekezo langu ni 4, 5, 6 kwanza, kisha Andor, kisha Rogue One, halafu rudia ya 1977 usiku ule ule. Ya 1977 ikionwa mara ya pili, mtu anajua kila mchoro wa Death Star umelipiwa na nani.

RubaniMkongwe

Hoja ya korido naikubali, dada. Ya chaneli siikubali sana. Mtu anayekufa kwa usingizi akiona droidi jangwani atasinzia hata ukimwanzishia hapo hapo.

FundiSkrini

Mnabishana mpangilio bila kuuliza mtu ana toleo gani, na toleo ndilo linaloamua mpangilio upi unafanya kazi.

Matoleo yanayotiririshwa leo si ya 1977, 1980 na 1983. Yalibadilishwa 1997, yakabadilishwa tena 2004, 2011 na 2019. Mabadiliko mengi ni mapambo: viumbe wa kompyuta mitaani Mos Eisley, Jabba kuongezwa kwenye filamu ya kwanza. Lakini matatu yanagusa mpangilio moja kwa moja:

Sehemu ya 5: Mfalme anapoongea na Vader kwa picha ya mwanga, tangu 2004 ni Ian McDiarmid, yaani uso wa Palpatine, Mfalme huyo huyo katika sehemu 1 hadi 3.

Sehemu ya 6, mwisho: mzimu wa Anakin (jina la Vader kabla hajageuka) tangu 2004 ni Hayden Christensen badala ya Sebastian Shaw. Ila Vader anapovuliwa kofia dakika chache kabla, uso bado ni wa Shaw. Mtu wa mpangilio A, na pia wa D, anaona baba mzee akifa, kisha kijana asiyemjua anasimama kando ya Obi-Wan na Yoda, mwalimu wa Jedi. Atauliza huyu nani, na jibu liko kwenye filamu ambazo hajaziona.

Sehemu ya 6, sherehe: Coruscant iliongezwa 1997, na Naboo, sayari ya sehemu ya 1, 2004. Kwa ambaye hajaona sehemu 1 hadi 3 ni majiji tu yanapita.

Kwa hiyo ukiwa na toleo la sasa, C ndiyo pekee inayolinda siri ya sehemu ya 5 (kwamba Vader ni baba yake Luke) na wakati huo huo kumfanya yule kijana wa mwisho aeleweke. A inakaa sawa ukiwa na filamu kama zilivyoonyeshwa sinemani. Zilitolewa rasmi kwenye DVD mwaka 2006 kama diski ya ziada, lakini zilitokana na masta ya laserdisc ya 1993 na picha haikutengenezwa kwa skrini pana. Kwenye TV ya sasa inatokea ndogo katikati, nyeusi pande zote nne. Bonyeza kitufe cha kukuza picha hadi ijae kwa upana, na ukubali kwamba itakuwa na ukungu.

B nayo nimalizane nayo. Sehemu ya 3 inakuonyesha Anakin akivishwa kofia ya Vader na mapacha wakipewa majina ya Luke na Leia. Baada ya hapo lile ungamo la sehemu ya 5 ni taarifa ya habari. Kibaya zaidi ni Yoda. Anaingia sehemu ya 5 kama kizee cha kinamasi, anapekua vitu vya Luke, anagombania taa ndogo na droidi R2-D2, na mtazamaji anatakiwa amdharau pamoja na Luke. Kwa B mtazamaji alishamwona akirukaruka na upanga. Somo lote la tukio limekufa.

MpendaKatuni

C ina shimo moja ambalo watu hawalisemi. Ukiiacha sehemu ya 1, Anakin na Padme, mkewe wa baadaye, wanakutana sehemu ya 2 kama watu waliojuana zamani, na kijana anamkodolea macho mwanamke ambaye mtazamaji hajui alimjuaje. Suluhisho langu: usiiache, isogeze. 4, 5, 1, 2, 3, 6. Unaongeza saa mbili na robo, basi.

Halafu angalieni Solo ya 2018. Watu husema inaingia popote. Haiingii popote, maana mwishoni anatokea Maul, ambaye sehemu ya 1 ilimkata vipande viwili. Bila katuni ya The Clone Wars, inayoeleza alivyopona, mtu atadhani filamu imekosea tarehe.

Kwa wanaotaka katuni: The Clone Wars ni misimu 7, episodi 133, na misimu ya mwanzo haikurushwa kwa mfuatano wa hadithi. Mfuatano sahihi unaanza msimu wa 2 episodi ya 16, kisha msimu wa 1 episodi ya 16, kisha filamu ya katuni ya 2008. Kwa mtu wa D hahitaji zote. Achukue msimu wa 5, episodi 2 hadi 5: hapo ndipo Saw Gerrera, mpiganaji mwasi, anafundishwa kupigana na Jedi wenyewe. Akimkuta baadaye kwenye Andor na Rogue One, anaelewa kwa nini mzee yule haamini mtu. Episodi nne za mwisho wa msimu wa 7 zinakwenda sambamba na sehemu ya 3, kwa hiyo zione baada yake. Ukizitanguliza, unafichua usaliti wa askari dhidi ya Jedi.

Mgeni_wa_Juzi

Samahani wakubwa. Naweza kuruka msimu wa kwanza wa Andor niende moja kwa moja wa pili? Nimeambiwa unaanza polepole.

RubaniMkongwe

Usiruke, ndugu. Msimu wa pili haukutambulishi kwa mtu yeyote. Melshi unayemwona Yavin na baadaye Rogue One alitoroka na Cassian gereza la Narkina 5, msimu wa kwanza episodi ya 10. Chuki ya Dedra, afisa wa usalama wa Himaya, unyonge wa Syril anayemsaka Cassian, deni la Mon Mothma, vyote vimetoka huko. Huo upole unaosikia ni wa episodi mbili za mwanzo. Ndiyo maana hata 2022 walitoa tatu kwa pamoja siku ya kwanza. Zione tatu hizo kwa kikao kimoja, kisha 4 hadi 6 (wizi wa Aldhani), ya 7 peke yake, 8 hadi 10 gerezani, na 11 na 12 pamoja.

BintiKimondo

Muongezee tahadhari mbili za kuvuka kutoka Andor kwenda Rogue One, maana hapo ndipo wengi hupotea.

Ya kwanza ni Bail Organa, baba mlezi wa Leia. Kwenye Andor anaigizwa na Benjamin Bratt, kwenye Rogue One na sehemu ya 3 ni Jimmy Smits. Ni mtu yule yule. Mon Mothma hana shida hiyo: ni Genevieve O'Reilly kwenye Andor na Rogue One, tangu alipochukuliwa kwa filamu ya 2005, ingawa karibu matukio yake yote yalikatwa.

Ya pili: Rogue One haianzi na Cassian. Inaanza miaka mingi nyuma, shambani kwa mwanasayansi Galen Erso, Krennic, afisa wa Himaya, akija kumchukua, na mtoto wake Jyn akijificha. Hakuna maandishi yanayopanda ya kukueleza. Vumilia mpaka jina la filamu lipite. Cassian atatokea kituo cha Kafrene, ambako ndiko alikokuwa anaelekea Andor ilipoisha.

MpendaKatuni

Na aliyeona katuni ya Rebels asishangae Mon Mothma kutoroka mara mbili. Msimu wa 3 episodi ya 18 inaonyesha safari yake hadi Dantooine. Andor inaonyesha namna alivyotolewa jengo la Seneti, kisha inaacha kipande kilichobaki kwa Gold Squadron, kikosi cha marubani wa waasi. Kishono kinaonekana, lakini hakijachanika.

FundiSkrini

Kabla hamjambonyezea mtu kitufe: zimeni ule ulainishaji wa mwendo wa TV. Filamu hizi ni picha 24 kwa sekunde, na TV ikibuni picha za katikati, mifano midogo ya meli ya 1977 inaonekana wazi kuwa vikaragosi vya plastiki. Chagua modi ya filamu, mara nyingi inauzima yenyewe. Kwa Andor, matukio ya Narkina ni meupe yanayoumiza macho na ya Ferrix usiku ni giza, kwa hiyo zima pia mwanga unaojirekebisha wenyewe, la sivyo skrini itakuwa inapumua katikati ya mazungumzo. Na ondoa uchezaji wa moja kwa moja. Mfumo ukimaliza Rogue One huenda usiende filamu ya 1977. Unaweza kukurushia unachotaka wenyewe, na huenda kikawa na siri ndani yake.

Mgeni_wa_Juzi

Nimeelewa. Naanza na 4, 5, 1, 2, 3, 6, halafu Andor. Obi-Wan Kenobi ile ya episodi sita nayo iende wapi?

MpendaKatuni

Baada ya 6. Kwa tarehe za hadithi ni kati ya 3 na 4, lakini ndani yake Obi-Wan anamwokoa Leia akiwa mtoto, na ukishaona hayo, ule ujumbe wa Leia wa 1977 wa kumwomba msaada kwa kutaja vita vya baba yake unasikika kama wa mtu aliyesahau kila kitu.