Barafu ya Kilimanjaro inaisha: nani awajibike?

Binti wa Uru
Wadau, habari zenu. Naishi Uru, huku juu karibu na msitu. Kwenye mkutano wa kijiji kiongozi mmoja alisimama akatuambia theluji ya mlima inaisha kwa sababu akina mama tunakata kuni. Mbele yangu alikaa mama mtu mzima, ngata bado iko mapajani, viganja vimechubuka. Aliinamisha kichwa kama mtoto aliyekemewa darasani. Iliniuma sana.

Kiongozi huyohuyo nilishamsikia redioni akisema mataifa tajiri ndiyo yaliyoharibu hali ya hewa, yatulipe. Akiwa redioni wakosaji ni wenye viwanda, akija kijijini ni mama wa kuni. Na yeye tuliyempigia kura anaingia wapi? Wenye ujuzi naomba mnieleweshe.

Bwana Miti
Dada, hapo kuna mambo mawili na yanachanganywa.

La kwanza ni barafu. Mwaka 1912 ilifunika karibu kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 hazikubaki hata 2. Kule juu, mita 5,895, baridi huwa chini ya sifuri, hivyo sehemu kubwa ya barafu haiyeyuki ikatiririka. Inaliwa na jua na kugeuka mvuke moja kwa moja, na theluji mpya inayoanguka haitoshi kuziba pengo, maana hewa ya huko imekuwa kavu. Wanasayansi wanauhusisha ukavu huo na mabadiliko ya joto la Bahari ya Hindi. Ukataji miti mlimani una mchango mdogo mno. Kwa hilo, madai dhidi ya nchi zenye viwanda yana msingi, na yule mama hahusiki.

La pili ni msitu, na hapa kiongozi wako hana pa kujificha. Maji ya mifereji yenu kwa sehemu kubwa hayatoki kwenye barafu. Yanatoka kwenye mvua na ukungu unaonaswa na miti. Moto umeteketeza miti ya juu kabisa na kushusha mpaka wa msitu. Doria, vifaa vya kuzimia moto na mishahara ya askari wa misitu hupangwa kwenye bajeti, na bajeti hupitishwa na wanasiasa.

Mpagazi wa Machame
Naunga mkono, ila wananchi nao tusiwasafishe wote. Mwaka 2001 ulipofanyika ukaguzi wa mlima kwa ndege, ilionekana miseri mingi, ile miti mikubwa ya asili yenye mbao za thamani, imeangushwa, na tayari ilikuwa marufuku kuikata. Mseri haukatwi na mwanamke mwenye panga. Unataka msumeno wa mashine, watu wa kupasua mbao, gari la usiku na mnunuzi mjini. Mlolongo huo hauendi bila mtu mwenye cheo kufumba macho.

Na moto wa Oktoba 2020! Vijana walipanda kuuzima kwa matawi mabichi na mapanga. Mlima unaoingiza fedha za kigeni kiasi kile, tunauzimia moto kwa matawi?

Binti wa Uru
Asanteni sana, kaka zangu. Sasa nimepata pa kushika.

Bibi yangu alikuwa akitusimulia ukanda wa nusu maili pembeni mwa msitu uliowekwa 1941, enzi za Baraza la Wachaga, ili wanakijiji wapate kuni na mbao bila kuingia msitu mkubwa. Uhuru ulipokuja ukachukuliwa na serikali kuu, halafu 2005 msitu wa hifadhi ukaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa. Sipingi msitu kulindwa. Ila aliyefunga mlango wa kuni alipaswa kuja na jibu la jikoni. Mkakati wa nishati safi wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Vizuri, lakini kwa jirani yangu mtungi wa gesi upo kona ya jiko umejaa vumbi. Gesi iliisha, hela ya kujaza hana, amerudi kwenye mafiga.

Mkutano ujao nitauliza mbele ya watu: halmashauri imetenga shilingi ngapi za kuzuia moto mwaka huu, na mbao za mwisho zilizokamatwa zilikuwa zinapelekwa kwa nani. Nataka majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Mlioko Kibosho, Marangu na Rombo, ulizeni hivyohivyo kwenu, tulinganishe majibu hapa.