FX30 mpya au Pocket 4K ya mkono wa pili? Muuzaji anataka jibu Ijumaa

Kijana_wa_Umoja
Wadau, habari zenu. Nimeweka akiba tangu mwaka jana na sasa nataka kununua kamera ya video. Nimebaki na mbili: Sony FX30 mpya, au Blackmagic Pocket 4K ya mkono wa pili ambayo jamaa fulani anaiachia karibu nusu ya bei hiyo. Anataka jibu Ijumaa. Ipi ni nzuri?

FundiTaa
Nzuri kwa kazi gani?

Mama_Editi
Umeuliza kama mtu anayeuliza kati ya nduthi na Probox ipi ni nzuri. Unabeba abiria au unabeba kabichi? Sema unapiga nini, una lenzi gani, na kompyuta unayohariria ina RAM ngapi. Hilo la mwisho ndilo kubwa, na najua ndilo hutajibu.

Kijana_wa_Umoja
Pole dada. Wikendi napiga ruracio (sherehe za mahari) na harusi. Lakini mwezi wa nane nataka kupiga filamu fupi, ndugu wawili wanagombana, yote ndani ya nyumba. Lenzi ninayo moja, Canon 50mm f/1.8.

Mama_Editi
Nilijua.

Mzee_wa_Riva
Chukua Pocket, kijana. Mimi nilianza River Road enzi za kanda za Mini DV, na rangi ilikuwa ile kamera imekupa, basi. Leo unapiga Blackmagic RAW, video ghafi. Ukikosea joto la rangi unalirekebisha mezani kana kwamba hukukosea. ISO zake za asili, yaani usikivu wake kwa mwanga, ni mbili, 400 na 3200, kwa hiyo giza likiingia unaruka hadi 3200 na picha haijai chenga. Halafu kitu msichokitaja: inakuja na leseni ya DaVinci Resolve Studio, programu ya kuhariri, ambayo ukiinunua peke yake ni dola 295.

Mama_Editi
Inakuja nayo ikiwa mpya, mzee wangu. Leseni moja inawashwa kwenye kompyuta mbili, na sidhani kama huyo jamaa alikaa na msimbo miaka yote bila kuutumia. Kijana, muulize kwanza.

Shemeji_Sony
Ruracio na Pocket? Wasichana wanaletwa wamefunikwa leso, bwana anatafuta wake, leso inafunuliwa mara moja tu na hakuna atakayekurudia. Pocket haina autofokasi ya kumfuata mtu. Utazungusha lenzi kwa mkono wa kushoto huku unaomba Mungu. FX30 unagusa uso kwenye kioo, inamfuata hadi ndani ya hema. Na betri? Pocket kwa LP-E6 moja haifiki saa nzima, wazee bado wako kwenye mbuzi wa kwanza. Tena The Creator ya 2023 ilipigwa kwa FX3, kaka mkubwa wa hii.

FundiTaa
Mkitaja The Creator mtaje na zile dola milioni 80. Kamera ilikuwa ndogo, taa na kazi ya baadaye hazikuwa ndogo.

Mdogo wangu, shida yako ni lenzi. Hiyo 50mm kwenye FX30 inaona kama 75mm, kwenye Pocket kama 95mm. Nyumba za mtaa wa Umoja tunazijua. Utaegemea mlango wa choo na bado utapata pua ya ndugu mmoja. Tafuta lenzi pana na taa moja ya maana, kamera kodisha.

KlipuMoja
Mnabishana kamera, acheni niwaambie kilichonipata. Desemba ya juzi nilipiga harusi kwenye ukumbi mmoja kando ya Thika Road. Mpigapicha wangu wa pili aliugua, nikakodi mwingine asubuhi ileile. Akaja na kamera imepangwa shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/60 ya sekunde, kama alivyoona kwenye video za Wamarekani. Kwao umeme ni hezi 60. Wetu ni 50, taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo 1/50 au 1/100 inaendana nazo na 1/60 haiendani.

Kwenye kile kioo kidogo hatukuona kitu. Nikafika nyumbani saa saba usiku, nikafungua klipu ya mama ya bibi harusi akihutubia. Mistari ya giza inapanda usoni pake taratibu, kuanzia kidevuni hadi kwenye kilemba, halafu inaanza tena chini. Dakika kumi na moja nzima, na kamera yangu mimi wakati huo ilikuwa inaangalia keki.

Nilikuwa na Resolve ya bure, na kifaa cha kuondoa kupepesa kiko kwenye Studio. Nikaazima mashine ya rafiki, nikaikalia usiku mbili. Mistari ikafifia lakini uso ukawa kama umepakwa nta. Mwisho nikabakiza sauti yake tu, juu yake wageni wanakula pilau. Siku ya kukabidhi, mama alitazama mpaka mwisho kimya, kisha akaniuliza, "Na mimi nilikuwa nimeketi wapi?" Salio sikulidai.

Mzee_wa_Riva
Uuwi.

FundiTaa
Pole sana. Ila kama ni zile LED za zambarau za DJ, hata 1/50 isingekuokoa. Mwanga wake hupunguzwa kwa kuziwasha na kuzizima haraka haraka, kwa kasi yake yenyewe, haijali umeme wa ukutani.

KlipuMoja
Zilikuwa tyubu za kawaida za dari. Nilirudi kuzitazama.

Shemeji_Sony
Ndiyo maana mimi napiga fremu 24 na sihangaiki. 24 ndiyo sinema.

Mzee_wa_Riva
Hapo ndipo utahangaika! Fremu 24 kwa shata ya digrii 180, yaani nusu ya muda wa fremu, ni 1/48. Hapa kwetu ni 25 na 1/50, tangu enzi za televisheni ya PAL. Hakuna bibi harusi aliyewahi kulalamika kwamba fremu moja imezidi.

Mama_Editi
Anayeng'ang'ania 24 aweke shata digrii 172.8, inatoa 1/50 kamili. Pocket inakuruhusu kuandika digrii. Mmemaliza? Kijana, kompyuta.

Kijana_wa_Umoja
Ni laptopu ya Windows, RAM 8 GB. Lakini inafungua video za simu bila shida.

Mama_Editi
Haya. FX30 ukiipiga H.265 ya 4:2:2 biti 10, faili zilizobanwa sana, hiyo laptopu utabonyeza "cheza" uende ukachemshe chai. Ukichagua XAVC S-I ya 4K fremu 25, mashine itapumua kidogo lakini ni megabiti 250 kwa sekunde, karibu GB 112 kwa saa. Ruracio ya saa tano, piga hesabu ya kadi na diski. Blackmagic RAW inaburuzika kwa urahisi zaidi, nayo pia inakula nafasi. Kwa vyovyote utatengeneza proksi, nakala nyepesi: DNxHR ya 1080, unahariri hizo, unarudi kwenye faili halisi wakati wa rangi. Na uongeze RAM ifike 16 kabla ya kununua kamera yoyote.

FundiTaa
Na ND, filta ya kupunguza mwanga! Kila mtu anaisahau. S-Log3 (picha iliyofifishwa, ya kupakwa rangi baadaye) kwenye FX30 ISO ya asili ni 800. Jua la Nairobi saa sita liko utosini, unataka 1/50 na f/2.8, hapo unakata stopu tisa hivi, kila stopu ni nusu ya mwanga. Filta za kuzungusha za bei ya chini ukizifunga sana zinachora X nyeusi angani, na ngozi inageuka rangi ya majani ya ndizi.

Mzee_wa_Riva
Pocket ni 400. Umeokoa stopu moja.

Shemeji_Sony
Na leso imefunuliwa bila fokasi.

Kijana_wa_Umoja
Nimempigia jamaa. Anasema kikaratasi cha msimbo kilipotea akihama. Ameongeza betri tatu na adapta ya lenzi za Canon bure. Halafu kuna mtu mwingine ameshamtumia kitu kidogo kwa M-Pesa.

Shemeji_Sony
Betri tatu ni saa mbili.

Mama_Editi
"Mtu mwingine" yupo kila mara muuzaji akibanwa. Adapta ni ya kawaida au ile yenye vioo ndani inayopanua picha?

Kijana_wa_Umoja
Sijui. Nitauliza.

Droni_Kasarani
Samahani kuingilia. Wanaorusha droni kwenye harusi, kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, mnashughulikia wenyewe au mnakodi mtu mwenye nacho?

Mzee_wa_Riva
Fungua uzi wako, kaka. Lakini kodi mtu.

Kijana_wa_Umoja
Anasema ina kioo ndani. Ila amepandisha bei.