Mrejesho: Sanamu za dinosau wa Central Park

Habari zenu wakuu. Mwezi uliopita niliuliza nani alivunja sanamu za dinosau za mchongaji Mwingereza Benjamin Waterhouse Hawkins, zilizokusudiwa bustani ya Central Park jijini New York, kabla watu hawajaziona, na kama naweza kujitengenezea sanamu ndogo ya Hadrosaurus wake (aina ya dinosau). Asanteni sana kwa majibu.

Wengi mlimtaja mwanasiasa William Tweed, nami niliamini. Aliyenielekeza kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol wa 2023 amenifumbua macho: watafiti wanasema aliyeagiza ni Henry Hilton, mmoja wa wakuu wa bustani yenyewe. Tarehe 3 Mei 1871 vibarua waliingia karakana na nyundo, wakaziponda. Makumbusho yaliyokusudiwa kuziweka hayakukamilika. Inaniuma kweli, kazi ya miaka kupotea siku moja.

Sanamu yangu sasa. Kuanza na kiunzi cha waya kumefaa: anasimama wima kwa miguu miwili, kama Hawkins alivyomsimamisha Philadelphia mwaka 1868. Mikono ndiyo iliyonishinda, udongo ulikauka juani ukapasuka mara mbili. Aliyesema nikaushie kivulini, nifunike kwa kitambaa kibichi, alikuwa sahihi. Mkono wa kulia nimeufanya hivyo, uko mzima. Wa kushoto bado.