Kipimo cha mkojo kimetoa mistari miwili, mdogo wangu anaambiwa anavuta bangi

Binti Korogwe:
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu wa kiume aliitwa kazi ya kuendesha malori ya Dar kwenda Tunduma hadi Lubumbashi. Juzi mwajiri akampeleka zahanati akapimwe mkojo. Kipimo chenyewe ni kile cha plastiki kama cha malaria, kina herufi C na T. Ikatoka mistari miwili: wa C umekolea, wa T umefifia ila unaonekana. Mhudumu akaandika "bangi: chanya", na kazi ikasimama palepale. Huyu kijana nimemlea mimi tangu mama yetu afariki, hata sigara hagusi. Dawa anayotumia ni pantoprazole tu, ya vidonda vya tumbo. Picha ya kipimo anayo. Naomba mwenye ujuzi wa maabara anisaidie. Na je, kuna namna ya kusafisha mkojo kabla hajarudia?

Njia Panda:
Pole dada. Anywe maji lita za kutosha asubuhi ile, na siki kidogo. Madereva wengi ndivyo wanavyofanya.

Mtu wa Maabara:
Kaka Njia Panda, hapana, tafadhali. Dada, usimnyweshe siki wala maji ya kupindukia. Maabara makini hupima joto la mkojo ukiwa ndio kwanza umetoka, halafu hupima kreatinini, yaani taka ya misuli inayotoka na mkojo. Ikiwa chini ya miligramu 20 kwa desilita, na uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji nao uko chini, wataandika kuwa mkojo umezimuliwa. Kijana asiye na kosa ataonekana anaficha jambo.

Sasa tuje kwenye mistari. Kwa jinsi ulivyoeleza, kipimo hicho ni HASI. Mistari miwili kwenye kipimo cha bangi maana yake hakuna kilichoonekana, hata wa T uwe umefifia vipi. Kinasomwa kinyume na cha malaria, cha mimba na cha VVU. Nafanya kazi maabara ya hospitali ya wilaya na jambo hili linaniuma sana, kwa sababu mhudumu anayepima malaria kutwa nzima jicho lake limeshazoea kwamba mstari wa pili ni ugonjwa.

Sababu ni hii. Protini ya kimelea cha malaria ni kubwa, kingamwili mbili (protini zinazonasa kitu maalumu) zinaweza kuibana huku na huku, na hapo mstari hutokea. Molekuli ya bangi ni ndogo mno kubanwa hivyo. Kwa hiyo watengenezaji wanaipaka dawa yenyewe kwenye mstari wa T. Mkojo usipokuwa na kitu, kingamwili zenye rangi hufika pale zikanata, mstari ukaonekana. Mkojo ukiwa na mabaki ya bangi ya kutosha, kingamwili zinashikwa njiani, na pale kwenye T hakunati kitu. T ikiwa tupu ndipo ni chanya. C ni mstari wa kuonyesha kwamba kipimo chenyewe kinafanya kazi; ikikosekana, kipimo kimeharibika, kitupwe.

"Ya kutosha" kwa vipimo vingi vya aina hii ni nanogramu 50 kwa mililita. Kinachotafutwa ni THC-COOH, yaani kile ambacho ini huigeuza THC, kemikali ya bangi inayolewesha, kuwa. Hujificha kwenye mafuta ya mwili, ndiyo maana aliyevuta mara moja huonekana siku chache tu, na mvutaji wa kila siku anaweza kuonekana wiki kadhaa baada ya kuacha. Kwa hiyo hata chanya ya kweli haisemi mtu alikuwa amelewa akiwa kwenye usukani.

Kuhusu pantoprazole, umefanya vizuri kuitaja. Maelezo ya dawa hiyo yenyewe yanaonya kwamba imewahi kuleta chanya ya uongo kwenye vipimo vya mchujo vya THC. Efavirenz nayo, ile ya kwenye ARV walizotumia wengi kabla ya dolutegravir, inajulikana kwa jambo hilohilo kwenye baadhi ya vipimo. Anayeitumia ana haki ya kumwambia daktari peke yake, si afisa ajira.

Ndiyo maana kipimo cha haraka ni mchujo tu. Chanya inatakiwa kuthibitishwa kwa mashine ya GC-MS au LC-MS, ambayo hutenganisha kemikali na kuitambua kila moja kwa uzito wa vipande vyake. Kwa taratibu za serikali ya Marekani, uthibitisho huo hushuka hadi nanogramu 15, na pantoprazole haiwezi kuidanganya. Kumnyima mtu riziki kwa mchujo peke yake ni dhuluma.

Binti Korogwe:
Mungu akubariki, nimesoma mara tatu. Mkojo wameshaumwaga. Picha mdogo wangu aliipiga wakati mhudumu bado anaandika fomu.

Mtu wa Maabara:
Hilo la kumwaga ni baya. Walitakiwa waugawe chupa mbili, zifungwe kwa lakiri mbele yake. Akipimwa upya leo akatoka hasi, mbishi atasema bangi imeshatoka mwilini. Kwa hiyo picha ndiyo nguzo yenu. Angalia saa iliyoandikwa kwenye simu. Vipimo vingi husomwa kwenye dakika ya 5, na baada ya dakika 10 havisomwi tena. Kisha ombeni kile kikaratasi cha maelekezo kilichomo kwenye boksi la kipimo. Kina mchoro wa mistari miwili na neno hasi pembeni. Kipigeni picha, kibandikeni pamoja na ile ya kwanza kwenye barua, mmpelekee mganga mfawidhi wa zahanati kabla ya mwajiri, kwa sababu yeye ndiye mwenye uwezo wa kufuta lile jibu. Andikeni pia jina na dozi ya pantoprazole. Wakikataa, ombeni kwa maandishi apimwe upya kwa GC-MS, mkojo utolewe mbele ya shahidi na usainiwe na pande zote.

Ukipenda niandikie faragha rasimu ya barua, nitaipitia usiku huu nikitoka zamu.